Kaburi la Daforoza Shambani Kwetu

Mpendwa mke wangu, Mama Eliya,

Sikuulizi habari za huko. Kama yale niliyokuwa nikihubiri ni kweli, basi huko hakuna habari mbaya. Za huku ndizo za kueleza. Nakuandikia kwenye meza ile ile yenye mguu mfupi, na nikimaliza nitaibandika barua hii kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kati ya zamu za usafi na majina ya watoto wa kipaimara. Wazee wa kanisa wameniuliza kwa nini nisilimalize jambo hili kwa maombi, kati yangu na Mungu. Nimewajibu kwamba Mungu analijua tangu siku nilipolifanya. Wewe ndiye hukuambiwa, na watu wa hapa kijijini Nyamigogo wameambiwa kinyume.

Koleta amekuja. Yule mtoto wa Daforoza, mkimbizi uliyemzika shambani kwetu. Siku wenzake walipomchukua kwenda naye kambini alikuwa na miaka kama mitano, na wewe ulimshika mabega ukamwambia, "Mama yako anabaki kwangu. Ukikua uje, nikuonyeshe alipolala." Basi amekua. Kambi inafungwa, watu wake wanarudi Burundi, na kabla ya kupanda lori akaja aonyeshwe kaburi la mama yake kama ulivyomwahidi. Alinikuta mimi peke yangu, na mimi, Mama Eliya, sikujua pa kumwonyesha.

Nianze mwanzo, kwa sababu kuna kipande cha habari hii ambacho nilikuficha mpaka ukaenda.

Unakumbuka nilikuwa bado mwinjilisti, nimekwenda semina Biharamulo mjini. Mwaka ule barabara ya Rusumo ilikuwa haikauki wakimbizi, kwa hiyo walimu wetu walichagua somo la kupokea wageni. Tulisoma habari za Ibrahimu aliyetoka mbio hemani kuwalaki watu watatu asiowajua, akawachinjia ndama. Nilijaza daftari zima. Siku ya kurudi nilishuka kwenye lori pale Lusahunga, nikapata baiskeli ya kunileta huku, na njia nzima nilikuwa naipanga hotuba ya Jumapili. Ilikuwa hotuba nzuri, nakiri, nilikuwa naifurahia mwenyewe. Nikapita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaona tuta jipya la udongo mwekundu, na juu yake msalaba wa vijiti vya mkahawa vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba.

Nilidhani ni mmoja wa watoto wetu. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Ukatoka jikoni mikono ina unga.

"Tulia, Baba Eliya," ukasema. "Watoto wapo wote. Huyo ni Daforoza."

"Daforoza ni nani?"

"Ni mtu aliyefia kwetu."

Ukanieleza ukiwa umesimama pale pale. Watu kumi na mmoja waliingia uani mchana wa jua kali, wamebeba masufuria na mafurushi, wakaomba maji. Mmoja wao, mwanamke mwenye mtoto, alikaa chini kwenye kivuli cha jiko na hakuinuka tena. Wewe Mhangaza wa Rulenge, lugha yenu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo hukuhitaji mkalimani. Ulimlaza jikoni kwa sababu mle kuna joto. Siku mbili ulimnywesha uji wa mtama, na maji ya chumvi na sukari. Siku ya tatu asubuhi alikuomba msali pamoja, ndipo ukaitoa ile rozari ya misheni uliyoificha kwenye gunia la maharage tangu nilipokuoa. Nilijua ipo. Mwinjilisti asiyejua kilichomo kwenye gunia lake la maharage hafai kuongoza watu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekufa, na wewe pamoja na wenzake mkachimba kaburi hatua chache kutoka jikoni, mkamzika kwa sala za kwenu.

Kwa atakayesoma barua hii ubaoni na si mtu wa huku, nieleze kidogo. Kwetu karatasi za ardhi ni chache. Ukiulizwa shamba hili ni la nani, hutafuti karatasi, unaonyesha makaburi. Hapa amelala babu, hapa amelala baba, hapa shangazi aliyerudi nyumbani akafia kwetu. Baraza lolote la wazee likisuluhisha ugomvi wa mpaka, swali la kwanza huwa hilo. Ndiyo maana mpita njia akifa hazikwi kwenye migomba ya watu. Atazikwa pembeni, mahali pasipo na mwenyewe, maana kaburi lina kizazi, na kizazi siku moja kinaweza kurudi na kusema, huyu ni wa kwetu na hapa ni kwetu. Na hata kama mwenye shamba anaruhusu, ukoo lazima uitwe kwanza. Wewe hukuita mtu.

Nilikasirika, tena si kidogo. Nilikuambia umeligawa shamba la baba yangu nikiwa safarini. Ukaniuliza, "Ningemweka wapi? Kanisa lako lina mahali?" Kanisa letu wakati ule lilikuwa mabati kumi na mawili na mabenchi ya magogo, halikuwa na makaburi. Nikasema ungesubiri nirudi. Ukasema, "Joto lile, siku tano? Baba Eliya, wewe umewahi kukaa na maiti?" Jumapili nikapanda mimbarani na ile hotuba yangu ya Ibrahimu na wageni watatu. Ulikaa benchi la mbele, hukupepesa macho. Tukiwa tunakula mchana ukaniambia, "Hotuba ilikuwa nzuri. Ila Ibrahimu alikuwa na bahati, wageni wake walikuwa wazima." Nimehubiri miaka mingi tangu hapo na sijapata kusikia maoni makali kuliko yale.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi iliyofuata, nyumbani kwa Zakaria, kaka yangu mkubwa. Zakaria si mtu mbaya, na sitaki anayesoma amwone hivyo. Mwaka ule aliibiwa mbuzi wawili, miti yake ya kuni ilikatwa mpaka visiki, na kila asubuhi aliamka akaona moshi wa kambi ukiwa mkubwa zaidi. Aliogopa. Wengi wetu tuliogopa, hata sisi tuliokuwa tukibadilishana nao ndizi kwa mafuta ya kupikia na kucheka nao sokoni.

"Mdogo wangu," Zakaria akasema, "Biblia unasoma wewe, mimi nasikiliza tu. Lakini nimesikia huyo Ibrahimu wako alifika kwenye nchi ya watu akasema yeye ni mgeni na mpita njia, apewe mahali pa kumzika mkewe. Kaburi moja tu. Sasa niambie, wajukuu zake waliishia na kaburi moja?"

Wazee wakaangua kicheko. Kule semina hatukufika sura ya ishirini na tatu ya Mwanzo.

Basi nikafanya la kwanza kati ya mambo yangu mawili ya aibu, na hili unalijua. Nikasema, "Yule marehemu si mgeni. Ni ndugu wa Mama Eliya upande wa mama yake, wale walioolewa ng'ambo ya mpaka." Wazee wakaitikia kwa vichwa, mambo yakaanza kulainika. Ndugu wa mke ni jambo jingine. Zakaria akatuma uitwe. Ukaja, ukawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, ukakaa.

"Shemeji," akakuuliza, "huyu uliyemzika ni ndugu yako?"

"Ndugu kwa vipi?"

"Mumeo anasema ni wa upande wa mama yako."

Ukanitazama. Sikuona hasira, na ningependa ningeiona. "Baba Eliya amekosea," ukasema. "Mimi sijui hata kilima alichotoka. Alifia jikoni kwangu, nikamzika karibu na jiko."

Uongo wangu ulidumu muda wa mtu kutembea kutoka nyumbani kwetu mpaka kwa Zakaria. Nilikaa pale kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Wazee wakasema maiti haifukuliwi, hiyo ni laana, ila alama iondoke. Tuta lisawazishwe, msalaba utolewe, ipandwe migomba juu yake, na mwenye shamba afanye mwenyewe kabla ya mvua za masika. Nawe ukasimama, ukajifunga kanga vizuri kiunoni, ukasema kwa heshima zote, "Nimesikia, wazee wangu. Lakini atakayeligusa kaburi lile atanikuta mimi pale."

Hakuna aliyeligusa. Miezi ikapita. Zakaria alinisimamisha kila tulipokutana, akaniuliza mimi ni mwanamume wa namna gani. Nilikuwa namwambia bado kidogo.

Sasa nafika kwenye kile kipande.

Ulipokwenda hospitali ya Rulenge kumzaa Neema, walikuweka wiki tano. Wiki ya tatu, mchana, watoto wakiwa shule, nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisawazisha tuta lile mpaka likawa sawa na ardhi nyingine, nikachimba mashimo, nikapanda watoto watatu wa migomba. Msalaba niliuvunja kwa goti. Vijiti nikavitia kwenye mafiga, na maharage ya jioni ile yaliiva kwa moto ule. Watoto walikula, nami nilikula.

Uliporudi na Neema mgongoni ulikwenda nyuma ya jiko kabla hujakaa. Nikakufuata nikakuambia mvua zilikuwa kubwa, zimelisomba. Ukasema, "Mvua haivunji msalaba, Baba Eliya." Kisha ukatazama upande wa nyumba ya Zakaria. Nikaona unakotazama, nikanyamaza.

Si mvua, Mama Eliya. Wala si Zakaria. Ni mimi.

Tangu siku ile hukumpakulia Zakaria chakula kwa mkono wako. Akija, ulimsalimu vizuri, ukamwekea kiti, kisha sahani ikaletwa na mtoto. Alipougua mguu ulimpikia uji wiki nzima, lakini Neema ndiye aliyeupeleka. Watu wakasema mke wa mwinjilisti ana maringo. Baadaye wakasema mke wa mchungaji ana maringo. Niliyasikia yote, na ningeweza kuyamaliza kwa sentensi moja. Nilikuwa nikijiambia kwamba jambo limepita, kwamba nikilifukua nitaharibu amani ya nyumba. Nimegundua kwamba mtu akishaanza kuita woga wake amani, anaweza kuendelea nao hadi uzeeni bila usumbufu.

Wewe uliijua sehemu yenyewe kwa macho. Wakati wa palizi nilikuona unafika pale, unasimama na jembe, halafu unapalilia kwa kupazunguka. Mimi nilipita njia nyingine. Sikuwahi kukuuliza, kwa sababu kukuuliza kungekuwa kuanza mazungumzo. Na katika miaka yote hiyo sikuhubiri sura ya ishirini na tatu ya Mwanzo hata mara moja. Ratiba ya masomo ilipoifikia nilikuwa mgonjwa, au nilimwachia mzee wa kanisa aongoze. Hukosi njia ukitaka kulikimbia neno la Mungu, hata ukiwa umelishika mkononi.

Ulipolala kule Rulenge mara ya mwisho, pumzi ikiwa imepungua, uliniambia mambo mawili. La kwanza kwamba Neema asiolewe kabla ya kumaliza shule. La pili, "Koleta akija, mwonyeshe." Nikajibu, "Nitamwonyesha." Nafasi ilikuwa ile. Nilikuwa nimekushika mkono, na kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Nikajibu neno moja tu hilo, kisha nikakuuliza kama unataka maji.

Baada yako ukaja ugonjwa wa mnyauko. Hukuuona, nashukuru, ungelia. Ndizi zilikuwa zinaiva kabla ya wakati, ukikata mgomba unatoa usaha wa njano. Bwana shamba akasema tung'oe yote mpaka mizizi, tukaushe ardhi, tupande upya. Tuling'oa, Eliya na mimi na vibarua, shamba likabaki uwanja. Wakati tunapanda upya nilisimama kule nyuma ya jiko nikagundua sijui tena. Ile migomba mitatu haipo. Jiko lenyewe tulikuwa tumelihamisha. Ilikuwa hapa, au hatua ishirini kule? Nilijiambia Koleta hatakuja. Wangapi waliahidi kurudi miaka ile, na nani amerudi?

Alikuja Jumamosi, saa tano asubuhi. Binti mrefu, kitambaa cheupe kichwani, kandambili za bluu. "Shikamoo, baba," akasema, kwa Kiswahili cha shule ya kambini, sanifu kuliko changu. "Mimi ni Koleta. Namtafuta Mama Eliya." Nilipomwambia, alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, akalia kidogo bila sauti, akajifuta. Nikampeleka kwenye kaburi lako kwanza, maana hilo nalijua, nililijengea saruji kwa mikono yangu. Alipiga magoti pale kwa muda. Kisha akainuka akasema, "Na mama?"

Nikamwambia shamba lina tope, na mimi nina ibada ya kuandaa, aje kesho baada ya kanisa. Hapakuwa na tope.

Alipoondoka kwenda kulala kwa watu wake nilichukua jembe. Nieleze tu bila kuzunguka: nilichagua mahali pazuri, penye kivuli, nikaanza kuinua tuta. Nilikuwa nimekwisha kata na vijiti vya mkahawa. Niliona ni huruma. Mtoto ametembea asubuhi nzima, apate pa kulilia, aende zake kwa amani. Nani ataumia?

Zakaria akanikuta pale. Anatembea kwa fimbo siku hizi.

"Ndipo alipo hapo?" akauliza.

"Sijui alipo."

Akatazama tuta, akatazama vijiti. "Basi weka hapo hapo," akasema. "Nani atajua?" Akakaa kwenye gogo, nami nikaendelea kulima. Halafu akasema, "Shemeji amekufa akiamini ni mimi niliyelivunja."

Nilisimama na jembe juu.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Nilikuwa nakuja kukusimanga tena, nikakuona unavunja vile vijiti kwa goti. Nikarudi nyumbani. Nilidhani utamwambia mkeo. Mwaka wa kwanza nikangoja, wa pili nikangoja. Baadaye nikasema, acha. Ni mimi niliyekusukuma. Kula chakula kilicholetwa na mtoto si adhabu kubwa."

Miaka yote ile, mke wangu, yule niliyemwona mgumu wa moyo ndiye aliyekuwa amebeba dhambi yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama mimbarani. Niliona haya kuliko siku ya kikao. Nilimwomba radhi kaka yangu pale pale, kwa magoti, jembe likiwa mkononi. Akasema niinuke, magoti yangu si ya kijana. Kisha nikaligeukia lile tuta nikalisawazisha. Ni mara ya pili katika maisha yangu nasawazisha kaburi, ila hili halikuwa na mtu.

Jumapili nikasoma Mwanzo ishirini na tatu. Koleta alikaa karibu na mlango. Nilisoma jinsi mzee yule asiye na ardhi alivyoinama mbele ya wenyeji akiomba mahali pa kumzika mkewe, na jinsi wenyeji walivyomjibu kwa adabu kwamba hakuna atakayemnyima. Nikawaambia watu kwamba wenyeji hao, Wahiti, ambao hawakuwa na Biblia wala semina, walimjibu mgeni vizuri kuliko mimi. Nikaeleza yote: uongo wa kwenye kikao, jembe, mafiga, mvua, Zakaria, na lile tuta la jana yake. Hotuba haikuwa nzuri. Nilisahau kumalizia kwa sala, mzee mmoja akanikumbusha. Hakuna aliyesema amina kwa sauti, na sikuwalaumu.

Baada ya ibada tulikwenda shambani, Koleta, Zakaria, wazee wawili, Neema na mimi. Nikamwambia Koleta tena, mbele yao, kwamba mke wangu alimwahidi kaburi la mama yake kwa nia njema, na mimi nimelipoteza. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru.

Akaitazama migomba. Kisha akauliza, "Lakini yumo humu?"

"Yumo."

"Kuanzia wapi mpaka wapi?"

Nikamwonyesha. Kuanzia mfereji wa maji mpaka mstari wa mikahawa, na kuanzia nyumba mpaka ule mpaka wa chini.

"Basi ni shamba lote," akasema.

Nilimsikia Zakaria akivuta pumzi. Koleta akavua kandambili zake, akaziweka pembeni kwa adabu kama mtu anayeingia ndani, akaenda kwenye mgomba wa kwanza karibu na mfereji. Akauwekea mkono. "Mama, amahoro," akasema, salamu ya kwao ya amani. Akaenda wa pili, akausalimu vile vile. Akaenda wa tatu. Ndipo tukaelewa kwamba ataisalimu yote. Mstari hadi mstari, kwenda na kurudi, hakuruka hata ule mdogo uliovunjwa na upepo. Wazee walisimama wamevua kofia. Katikati ya shamba majani makavu yalikuwa yameziba njia, na Zakaria akatangulia mbele yake na fimbo yake, akiyaondoa ili apite. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wakafika mpaka wa chini jua likiwa limeanza kulegea, yeye akisafisha, binti akisalimu.

Koleta alikula kwetu. Neema alipika ndizi na maharage. Koleta hakunung'unika, hakuuliza swali jingine, na aliposimama kuondoka alinipa mikono miwili akasema, "Asante kwa kusema kweli, baba. Ningelia mahali pasipo na mtu." Jumanne lori lao lilipita Lusahunga. Nilikwenda kusimama barabarani, lakini yalipita mengi na sikuliona lake.

Sikuombi useme umenisamehe, maana hutanijibu na mimi ningejijibia, kama nilivyozoea. Nimekuambia ukweli nikiwa nimechelewa, na kuchelewa kwenyewe ni sehemu ya kosa. Kaka yangu nimemsafishia jina mbele ya kanisa. Jina lako limebaki vile vile, halikuhitaji kusafishwa. Hubiri lako la maneno machache pale kwenye kikao, alifia jikoni kwangu nikamzika karibu na jiko, limebaki kuwa bora kuliko yangu yote, na mimi nimelielewa nikiwa na mvi.

Nimalizie na hili. Jana jioni nilikuwa nimekaa na Zakaria uani, tukitazama migomba. Akawa akichora chini kwa fimbo, nikajua ana neno.

"Mdogo wangu," akasema, "na watoto wa yule binti wakija siku moja, wakasema bibi yao yumo humu?"

Nikamwambia watakuwa wamesema kweli.

Pumzika, mke wangu. Nakuaga kwa leo kwa mkono ule ule ulioshika jembe.

Mumeo,
Baba Eliya